Durso, Herbie au BeanAnimal: mfumo upi wa kushusha maji ufunge kwenye tangi kubwa la matumbawe?

Mtu akiamua kujenga tangi kubwa la matumbawe, iwe Unguja au Pemba, swali lake la kwanza huwa taa, la pili samaki. Mabomba ya kushusha maji kutoka tangi la juu kwenda tangi la chini, lile la kusafishia maji lenye pampu ya kuyarudisha juu, huachiwa fundi ayaamue siku ya kufunga. Mimi ningeanza na mabomba. Taa isiyofaa utaibadilisha mwakani na samaki mkorofi utamtoa, lakini tundu lililotobolewa pabaya kwenye kioo halihamishiki, na bomba moja likiziba usiku wa manane, alfajiri unaikuta sebule nzima maji ya chumvi.

Nalinganisha mifumo minne kwa tangi la ukubwa mmoja ili hesabu zisitupotee: urefu mita 2, upana sentimita 70, kimo sentimita 70. Likijaa ni lita 980, tuite elfu moja. Ndilo tangi la ukumbi wa hoteli ya Paje au Kiwengwa, au la sebule pana ya nyumba ya chini. Nasema nyumba ya chini kwa makusudi. Maji ya bahari lita elfu moja yanapita tani moja kabla hujahesabu kioo, mawe na meza. Sakafu za ghorofa nyingi za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko. Usilipandishe huko.

Hukumu yangu yote inatokana na umeme. Unguja inaupata kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolala chini ya bahari, na Pemba tangu 2010 inaupata kwa waya wake kutoka Tanga. Wengi bado wanakumbuka Mei na Juni 2008, na zaidi ile miezi ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani kwa sababu ya hitilafu kwenye waya huo. Hayo ni makubwa na hayaji kila siku. Yanayokuja ni yale madogo: umeme unakwenda robo saa, unarudi, unakwenda tena, na nyumbani hakuna mtu. Kila mkatiko ni mtihani wa mabomba yako. Pampu ikizimika, maji ya juu yanashuka, na tangi la chini lazima liwe na nafasi ya kuyapokea. Pampu ikiwaka, maji yanapanda kwa kasi yote, na njia ya kushukia lazima ianze kazi yenyewe bila mkono wa mtu. Kwa hiyo kila mfumo nauuliza maswali matatu: umeme ukikatika inakuwaje, ukirudi inakuwaje, na bomba moja likiziba inakuwaje? Ukimya, ambao wauzaji huutanguliza, kwangu unakuja baada ya hayo.

Maji yanavyoshuka

Pampu ya kurudishia iliyo chini inasukuma maji juu, tangi linajaa kupita ukingo, na yanayozidi yanamwagikia ndani ya kisanduku chenye mabomba. Uzuri wa kumwagisha kutoka juu ni kwamba ule utando wa mafuta na uchafu unaokaa usoni unaondoka nao. Kwetu hili lina uzito wa pekee. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na wakati wa kaskazi maji ya tangi lisilo na kipoozi hufika nyuzi 30 upesi. Utando ukiufunika uso, samaki wanaanza kuhema.

Kwa tangi letu, maji yapite chini mara tano kwa saa, yaani lita 5,000. Wengine hutaka mara kumi. Sioni haja. Mkondo ambao matumbawe yanauhitaji unaletwa na pampu za mawimbi zilizo ndani ya tangi lenyewe, na kuzidisha pampu ya kurudishia ni kujiongezea umeme, joto na kelele.

Bomba hushusha maji kwa namna mbili. Ya kwanza ni maji na hewa pamoja: maji yanateremka yakiambaa kwenye kuta za bomba, hewa inapita katikati. Ya pili ni saifoni kamili: bomba limejaa maji matupu, na uzito wa yanayoshuka unayavuta yaliyo nyuma, kama mtu anavyovuta petroli kwa mpira. Tofauti ya uwezo ni kubwa. Bomba la inchi moja na nusu linaloshusha maji na hewa hukadiriwa lita 4,500 kwa saa hivi kabla halijaanza kugugumia. Likiwa saifoni kamili lenye mteremko wa mita moja, hupitisha karibu mara mbili ya hapo. Tena saifoni haina sauti, kwa kuwa kelele zote za mabomba haya ni hewa inayohangaika ndani ya maji.

Ila saifoni haijui kujirekebisha. Hupitisha kadiri ya upana na mteremko wake. Yakija maji pungufu, kisanduku kinakauka mpaka hewa inaingia, saifoni inakatika kwa mgumio, kisanduku kinajaa, inaanza tena. Ndiyo maana hufungwa valvu ya kuibana, na hapo ndipo mifumo inapoachana.

Kisanduku cha kuning'iniza

Hiki hakitaki kutoboa kioo. Kisanduku kinaning'inizwa nyuma ya tangi, na mrija uliopinda unavusha maji juu ya ukingo kwa saifoni. Vipovu vinavyopita na maji hukusanyika polepole kwenye kilele cha mrija, na siku vikitosha saifoni inakatika. Hapo hakuna kinachoshuka, lakini pampu inaendelea kupandisha, na tangi la juu linafurika mpaka sehemu ya pampu ikauke. Kuna vipampu vidogo vya kuvuta hewa hiyo, navyo vinahitaji umeme na vinaziba. Kwa tangi dogo lililokwisha jaa, lisiloweza kutobolewa, mtu anaweza kukivumilia. Kwa lita elfu moja nasema hapana.

Durso

Majina ya mifumo mitatu inayofuata yametokana na wafugaji wa samaki walioieneza, na wenye matangi huyatumia vivyo hivyo kila mahali.

Durso ni bomba moja lililosimama ndani ya kisanduku. Kichwani lina tii iliyofunikwa kifuniko chenye kitundu kidogo cha hewa, na ubavuni elbo inayotazama chini. Maji yanaingia chini ya uso, hewa inaingia kwa kile kitundu. Kitundu kikiwa sawasawa, mlio unapungua sana. Kikiwa kidogo kupita kiasi, bomba linajigeuza saifoni, linafyonza kwa kishindo, linakata, na linarudia hivyo kutwa. Kikiwa kikubwa, linachuruzika kwa sauti.

Durso ina sifa mbili ninazoziheshimu. Haina valvu ya kupima, na umeme ukirudi huanza papo hapo, kwa kuwa hewa kwake ni jambo la kawaida. Fundi yeyote wa mabomba ataijenga asubuhi moja kwa vifaa vya dukani. Udhaifu wake ni uwezo. Kwa lita 5,000 unahitaji mbili za inchi moja na nusu, na moja ikiziba, iliyobaki inabebeshwa zaidi ya kadiri yake. Halafu ile hewa inayoshuka nayo hupasukia kwenye tangi la chini: vipovu vidogo vinarudishwa juu na pampu, na matone ya chumvi yanarukia soketi na nyaya. Kabati zima linaota chumvi.

Naipendekeza kwa matangi ya lita 300 kushuka. Kwa kubwa ni ya kukimbilia pale tu vifaa vingine vimekosekana kabisa.

Herbie

Herbie ni mabomba mawili. La kwanza, ambalo mdomo wake uko chini ndani ya kisanduku, ni saifoni kamili yenye valvu karibu na tangi la chini. La pili limesimama juu zaidi, halina valvu, na kazi yake ni dharura. Unaibana valvu mpaka maji ya kisandukuni yatulie kidogo chini ya mdomo wa bomba la dharura. Ukifika hapo, mfumo mzima hausikiki. Mtu anayelala chumba cha pili ataipenda.

Shida ni kwamba pampu haisukumi sawasawa mwaka mzima. Mwani unaota kwenye mpira, mchanga unaingia, umeme unapungua nguvu usiku watu wanapowasha mafriji na viyoyozi, na lita 5,000 zinakuwa 4,700. Valvu haijui. Maji ya kisandukuni yanashuka taratibu mpaka saifoni inaanza kuvuta hewa, au, ukisafisha pampu ikapata nguvu mpya, yanapanda mpaka yaanze kudondokea bomba la dharura. Wengi huacha makusudi uchirizi mdogo uingie kwenye bomba la dharura ili uchukue tofauti hizo. Inasaidia, lakini bomba la dharura lenye maji daima huota mwani na kukaribisha konokono kama lile jingine, na siku unapolihitaji hujui liko katika hali gani.

Kurudi kwa umeme kunahitaji kutazamwa kwa karibu, na maelezo haya yanaihusu BeanAnimal pia. Pampu inawaka. Maji yanapanda, yanavuka ukingo, kisanduku kinajaa, mdomo wa saifoni unazama. Sasa ndani ya bomba kumebaki hewa iliyoingia wakati umeme ulipokatika, na haina pa kutokea ila kwa chini. Kama ncha ya bomba kwenye tangi la chini imezama sentimita 15, hewa inabanwa na maji ya pande zote mbili. Saifoni inakwama nusu njia, na maji yanazidi kupanda kisandukuni. Kama ncha imezama sentimita 2 au 3 tu, utaona mapovu makubwa yakibubujika kwa nusu dakika hivi, kisha madogo, kisha bomba linanyamaza na maji ya kisandukuni yanashuka hadi kwenye alama yake. Kwa hiyo ikate ncha juu juu. Na iache katika chumba cha kwanza cha tangi la chini, kabla ya ukuta wa kioo, ambako kina cha maji hakibadiliki. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumba cha pampu ndicho kinachoshuka.

BeanAnimal

Hapa mabomba ni matatu, yote ya upana mmoja. La kwanza ni saifoni kamili yenye valvu. La pili ni bomba wazi: linachukua maji kidogo yanayozidi saifoni, yakiambaa kimyakimya kwenye kuta zake. La tatu ni la dharura, mdomo wake uko juu kuliko yote, nalo ni kavu siku zote.

Werevu wa mfumo huu umo katika bomba la pili. Kichwani limefungwa kifuniko chenye mrija mwembamba wa hewa, na ncha ya mrija huo imeinamishwa mpaka chini kidogo ya usawa wa mdomo wa bomba la dharura. Siku za kawaida mrija unavuta hewa na bomba linabaki wazi. Saifoni ikiziba, maji ya kisandukuni yanapanda, yanaifunika ncha ya mrija, hewa inakatika, na bomba la pili lenyewe linageuka saifoni kamili. Hakuna kilichosogezwa na mkono wa mtu. Kama hilo nalo limeziba, maji yanapanda sentimita chache zaidi na kuingia kwenye la tatu, ambalo likizama na kugeuka saifoni linatosha peke yake kubeba lita zote 5,000. Ili tangi lifurike, lazima mabomba matatu yazibe siku moja.

Umeme ukirudi, saifoni na bomba wazi hufanya kazi pamoja mpaka hewa imalizike kutoka, kisha kila moja linarudi kwenye zamu yake. Kelele ipo, ya dakika moja au mbili.

Kuipima ni kazi ya subira. Washa pampu na valvu iwe wazi kabisa; utasikia saifoni ikivuta hewa. Kama ni geti valvu, ile ya gurudumu linalozungushwa mara nyingi, ibane robo mzunguko, ngoja maji yatulie, bana tena. Kisandukuni maji yanapanda taratibu mpaka yaanze kuingia kwenye bomba wazi. Simama hapo. Weka mkono kwenye bomba la pili: unahisi mchirizi mwembamba tu. Ukisikia linagugumia, limepewa maji mengi. Fungua valvu kidogo sana. Halafu uache kwa siku nzima kabla hujagusa tena, kwani PVC mpya huwa haijashika utando na maji hutembea ndani yake tofauti na yatakavyotembea baada ya wiki mbili.

Gharama yake ni matundu matatu, konekta tatu za kupitishia bomba kwenye kioo, na mabomba mengi nyuma ya tangi, ambako uache sentimita 20 za nafasi. Mafundi huligombania lile la tatu. Utamwambia, "Fundi, hili usilitie valvu wala chujio." Naye atakuuliza, kwa haki yake, "Sasa sheikh, bomba lisilopita maji la kazi gani?" Mwambie ni la siku yale mawili yatakaposhindwa, na usikubali libadilishwe kuwa la kurudishia.

Valvu ndiyo iliyonimalizia shauri

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Darajani au Mwanakwerekwe au Chake Chake, ukiulizia geti valvu utapewa ya brasi. Usiifunge kwenye maji ya matumbawe hata kwa siku moja. Brasi ina shaba ndani yake, na shaba kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe yenyewe. Unayoitaka ni geti valvu ya PVC, ambayo si kitu cha kuikuta kila rafu. Mara nyingi itabidi uagize Dar es Salaam au nje. Kinachopatikana kirahisi ni bol valvu ya PVC, ile ya mkono mmoja unaogeuzwa robo mzunguko.

Bol valvu ni butu kwa kupimia. Ukigusa kidogo, maji yamebadilika mno. Kwenye Herbie hilo linauma, kwa sababu mfumo mzima umesimama juu ya kipimo hicho kimoja. Kwenye BeanAnimal kosa dogo la valvu linamezwa na bomba wazi, na maisha yanaendelea. Kwa mtu wa visiwani asiye na uhakika wa kuipata valvu nzuri leo, au ya kubadilishia ikivunjika, tofauti hii pekee inatosha kuamua.

Upana wa mabomba nao uangaliwe kabla ya kulipa. Kuna mabomba ya kipimo cha milimita na ya kipimo cha inchi, na hayaoani. Bomba la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na nusu hivi. La milimita 32 litaingia kwenye soketi yake likicheza, na hakuna gundi itakayolishika kwa amani. Konekta za tangi zikiagizwa nje, beba moja mkononi uende nayo dukani.

Kutoboa kioo: uliza kwanza kama kioo kimepikwa kuwa kigumu. Kioo cha namna hiyo kikiguswa na keekee kinasambaratika chote. Kioo cha kawaida kinatobolewa kwa kitobo cha almasi, polepole, maji yakimwagiwa muda wote, na kati ya tundu na ukingo wa kioo iachwe nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu. Pima konekta yenyewe ndipo uchague kitobo. Vipande vya bomba vilivyomo ndani ya kisanduku usivitie gundi. Utataka kuvichomoa kuvisafisha. Gundi iwe kwenye bomba la kurudishia, lenye msukumo wa pampu, na pale chini utie yunioni ili pampu itoke bila msumeno.

Ukingo mfupi au ukingo mrefu

Hili halisemwi sana na lina hesabu nzuri. Kisanduku cha pembeni chenye ukingo wa sentimita 30, kikipitisha lita 5,000 kwa saa, huinua maji juu ya ukingo milimita 18 na nusu hivi. Ukingo unaokwenda urefu wote wa tangi, mita 2, huyainua milimita 5 tu. Utando mwembamba namna hiyo huvuta uchafu wa usoni vizuri zaidi.

Sasa zima umeme. Katika tangi letu kila sentimita moja ya maji ni lita 14. Ukingo mfupi utashusha lita 26 kabla maji hayajasimama; ukingo mrefu utashusha 7. Lakini kisanduku kirefu nacho kina maji yake: kikiwa na upana wa sentimita 15 na maji yakashuka sentimita 10 ndani yake, hizo ni lita 30 nyingine. Kwa jumla havitofautiani sana kwa ujazo. Nachagua mrefu kwa usafi wa uso, na kwa sababu mabomba matatu yanakaa ndani yake bila kubanana.

Ukingo uwe na meno au kimia cha kuzuia samaki, ukikumbuka kwamba meno hupunguza urefu wa kumwagikia. Majongoo bahari na konokono hupanda kioo usiku na huishia humo. Jongoo akivutwa na bomba anaweza kufia ndani na kutoa sumu itakayodhuru samaki wote, kwa hiyo mdomo wa saifoni utie chujio na ulisafishe kila wiki.

Maji yanayorudi kwa njia ya pampu

Watu hupima maji ya ukingo na kusahau bomba la kurudishia. Pampu ikizima, bomba hilo linageuka saifoni la kinyume na kunyonya maji ya tangi mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo uliozama sentimita 5 chini ya ukingo utashusha lita 70. Uliozama sentimita 1 utashusha 14. Watu hutoboa kitundu cha kuingiza hewa karibu na uso. Kitoboe, lakini usikitegemee, kwa kuwa mwani hukiziba. Valvu ya njia moja vilevile: chembe moja ya mchanga au kikonokono kidogo kinatosha kuizuia isifunge. Kinga isiyochakaa ni kuupandisha mdomo wenyewe karibu na uso.

Tangi la chini lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 45, likiendeshwa maji yakiwa kina cha sentimita 25, lina nafasi ya lita 120. Ukingo mrefu, kisanduku na mdomo uliopandishwa vinakuletea lita 51. Panatosha, na nafasi ya kuteleza ipo. Ukingo mfupi na mdomo wa sentimita 5 vinafika 96 kabla hujahesabu kisanduku, na hapo umekaribia mno.

Pampu ya kurudishia ifungie kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi. Umeme ukichezacheza, pampu inabaki imezima mpaka utulie. Inveta na betri wape pampu za mawimbi, zinazotumia umeme kidogo na kuchezesha uso wa maji ili samaki wapate hewa.

Jaribu yote kwa maji ya bomba kabla ya mchanga, mawe na chumvi. Zima na uwashe mara nyingi, tena kwa kushtukiza. Ziba saifoni kwa kitambaa na utazame bomba la pili likigeuka. Ziba na la pili. Kama la tatu peke yake halimudu pampu ikiwa na nguvu yote, pampu ni kubwa au bomba ni dogo, na ni heri kujua maji yakiwa hayajatiwa uhai. Na matumbawe yenyewe usiyavunje mwambani: matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na kisiwa cha Chumbe kimekuwa hifadhi tangu 1994 ili yaliyoko yabaki. Pata kibali kwanza.

Uchague upi

Kwa tangi jipya la lita elfu moja, ambalo kioo hakijatobolewa, funga BeanAnimal ya inchi moja na nusu na ukingo wa urefu wote. Hotelini sina mjadala hata kidogo, kwa kuwa zamu ya usiku hubadilika na anayeliangalia tangi leo siye atakayeliangalia kesho. Nyumbani, kama kuna mtu anayelipenda na kuligusa kila siku, na geti valvu ya PVC imepatikana, Herbie itamtosha kwa tangi la lita 400 au 500, na atafurahia kimya chake.

Kuna tangi moja linalohitaji neno la peke yake: lile linaloletwa tayari limetobolewa, lenye kisanduku cha pembeni na matundu mawili. Mtengenezaji anakusudia tundu moja lishushe na la pili lirudishe, ambayo maana yake ni Durso moja bila dharura. Usiifuate ramani hiyo. Yatumie matundu yote mawili kushusha, Herbie kamili, bomba la dharura likiwa kavu na bila chujio, na upunguze pampu iwe ya mara tatu kwa saa. Bomba la kurudishia lipandishe nyuma ya kioo, lipinde juu ya ukingo, na mdomo wake usizame zaidi ya sentimita 1. Litaonekana kidogo kwa mtu anayesimama upande, na rangi nyeusi italificha.